Kasereka Aliyesimama Mbele ya Dirisha

Ndugu yangu alinipigia simu asubuhi moja, nikiwa nafunga kitenge niende sokoni. Hakunisalimia. Alisema tu, "Yaya Masika, bamenikata."

Niliketi. Sisi tunaoishi Beni tuna adabu yetu ya kupokea habari: kwanza unauliza nani, halafu wapi, kisha ndipo unatafuta pa kukaa. Siku hiyo nilianza na kukaa.

"Bamekukata wapi? Banani?"

"Ah, yaya, miye niko muzima," akasema, nikamsikia anacheka. "Ni muti. Bale ba barabara bamefika mupaka kwetu. Yote sita iko chini. Miye bameniangusha wa tatu, na heshima yote."

Nilimtukana kidogo, kama dada mkubwa anavyoruhusiwa. Huyu ni mtu ambaye utotoni hakuwa na pumzi ya kumaliza sentensi, na sasa ni mwalimu kule Butembo, hanyamazi, tena amejichagulia kazi ya kumeza vumbi la chaki. Lakini nilipokata simu sikwenda sokoni. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka kwenye barabara yetu ya Mulekera, matone makubwa machache, na harufu ya vumbi linalolowa ikaingia mlangoni. Wengi wanaipenda harufu hiyo. Mimi pia naipenda, ila kila mara inanirudisha kwenye kifua cha Kasereka, ndugu yangu huyo.

Tulikulia Butembo, upande wa Vulamba, katika nyumba iliyokuwa ukingoni mwa barabara ya malori. Chumba cha mbele kilikuwa butike ya mama. Kilikuwa na mlango mwembamba na dirisha moja kubwa lililotazama barabara, na ndani ya dirisha hilo mama alipanga kila alichokuwa nacho: sukari, chumvi, sabuni za miche, mishumaa, mawese katika chupa. Baba alikuwa shofere wa lori njia ya Kasindi. Nyumbani alikuwa kama mgeni mwenye zawadi, anakuja, anachekesha watu, analala, anaondoka. Aliyetulisha kila siku ni lile dirisha.

Wenzangu wa rika langu mliokulia kule mnalijua vumbi la kiangazi cha Butembo. Ni jekundu, laini, na halina haya. Lilikaa kwenye kope, kwenye ugali, katikati ya kurasa za daftari. Lori likipita tulifumba macho na kuhesabu kimya mpaka dunia irudi. Kila asubuhi kabla ya kufungua, mama alichukua kitambaa chake, torchon, akapangusa sabuni moja moja na chupa moja moja, kisha akakisuuza katika beseni, na maji yakawa mekundu kama mawese aliyokuwa akiuza. Jioni alipangusa tena. Nilidhani hiyo ndiyo kazi ya butike, kupangusa, na kuuza ni jambo linalotokea katikati.

Kasereka alikuwa mdogo wangu, bado hajaanza shule, na kifua chake kilipiga mluzi. Tulilala kitanda kimoja, kwa hiyo mluzi huo niliujua kuliko mtu yeyote. Ulianza taratibu, fiii, fiii, halafu mabega yake yakapanda, halafu akaketi na kushika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Kasereka alipenda mayai. Nikaona wazi kwamba yai moja lilikuwa limeangukia humo halijaiva vizuri, likaanguliwa, na sasa kifaranga kinalia kitoke. Tangu hapo nikawa namnyang'anya mayai yake mezani na kuyala mimi, kwa ajili ya afya yake. Sijui kama kuna daktari aliyewahi kujitolea zaidi.

Mama alikuwa na dawa yake. Alichemsha majani ya mkaratusi katika sufuria, akaiweka chini, akatufunika mimi na Kasereka kwa blanketi. Mimi sikuwa mgonjwa. Niliingia kwa sababu yeye aliogopa giza. Tulikaa mle ndani uso kwa uso, jasho linatutiririka, macho yanawasha kwa ule mvuke mkali, naye akinishika masikio mawili kana kwamba ni mishikio ya chungu. Tukitoka, alipumua vizuri kwa muda. Halafu lori likapita.

Siku moja mama alimpeleka kituo cha afya, nami nikafuata nikiwa nimebeba viatu vyake. Muuguzi, mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini, aliweka kile chombo chake cha baridi kwenye mgongo wa mtoto, akasikiliza. Nilingoja amwambie mama habari za kifaranga.

"Mama Masika, ni asthme, ile pumu," akasema. "Vumbi ya barabara inamuchokoza, na moshi ya jiko pia. Nitakupatia dawa. Mais lakini dawa hapana weza kufagia hewa. Huyu mutoto, kama kuko namna, mumutoe mu vumbi."

Namna ilikuwepo, na iliniumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Mama yake baba, ambaye sisi tulimwita mukaka kama Wanande wote wanavyomwita bibi, alikuwa na shamba la kakao Mbau, ng'ambo ya Beni. Tulipokwenda huko likizoni, Kasereka alikimbia kutwa nzima chini ya miti bila mluzi hata mmoja. Basi mama akaamua: mvua zikikatika na kiangazi kikianza, Kasereka atakwenda kukaa Mbau, huenda mpaka awe mkubwa. Alimkunjia nguo zake katika mfuko akauweka juu ya kabati. Kila nikiingia chumbani niliuona mfuko ule, na nilimchukia mama kidogo kwa jinsi alivyoukunja vizuri.

Kasereka hakwenda. Kabla mvua hazijakatika, habari za Mbau zikawa zile ambazo watu wa huku hawapendi kuzisimulia mbele ya watoto, na barabara ikajaa watu waliokimbia vita, magodoro vichwani. Siku ya tatu ya hofu hiyo pikipiki ilisimama mbele ya butike. Mukaka akashuka, mdogo, mkavu, rozari shingoni, na hakuwa amebeba godoro. Alikuwa na kikapu kikubwa alichokifunika kwa majani ya ndizi. Mama alilia, akamkumbatia, akamuuliza vitu vyake viko wapi.

"Hivi njo vitu," mukaka akasema, akafunua kikapu. Ndani kulikuwa na miche sita ya gravilea, kila mmoja katika sacheti yake nyeusi ya plastiki. "Nilikuwa nayo tayari juu ya kupatia kakao kivuli. Mu Mbau siwezi tena kumupokea mutoto. Basi nimemuletea hewa ya kule."

Ugomvi wao ulikuwa wa chini kwa chini, maana mama mkwe hapandishiwi sauti. Mukaka alitaka miti isimame mstari mmoja kati ya nyumba na barabara. Mama alikuwa akisugua ubao wa dirisha uliokwisha kusuguliwa.

"Mama, miye sikatae miti," akasema. "Mais ukipanda pale mbele, nani ataona butike? Mutu wa barabara anauza na macho ya bantu."

"Na mutoto ataishi na nini?"

"Ataishi na hii butike, Mama. Dawa yake inatoka humu."

Mukaka aliitazama barabara, akatazama dirisha. "Ile nayo ni kweli," akasema. "Tutaacha mulango wazi. Hatutafunga yote."

Alipima kwa miguu yake, akaacha pengo mbele ya mlango. Lakini mahali ni mahali, huwezi kupavuta. Shimo la tatu liliangukia sawasawa mbele ya dirisha. Mama alisimama akaliangalia, akachukua torchon yake akaingia ndani. Nikasema moyoni: mama hautaki mti huo.

Mukaka alinionyesha jinsi ya kupanda. Alichana kila sacheti kwa kisu, akaivua polepole kama unavyomvua mtoto aliyelala, akaniambia, "Mizizi haipendi kufungwa, Masika. Ukiacha sacheti, muti unajizunguka wenyewe, unateseka. Na sacheti hatutupe. Kaioshe." Nilizisuuza zote sita, nikazianika kwenye kamba ya nguo pamoja na soksi za Kasereka. Baadaye mukaka alizitumia kwa miche ya vitunguu nyuma ya nyumba.

Halafu nikaipa miti majina. Hapa lazima nieleze kidogo kwa wasiotoka kwetu. Kwa Wanande jina lina foleni. Mvulana wa kwanza wa mama ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Mtoto hajazaliwa lakini jina lake liko pale linamngoja. Mimi sikujua kwamba kuna watu duniani wanaochagua tu jina wanalolipenda. Kwa hiyo miti ilipopandwa mmoja baada ya mwingine, kwangu ilikuwa imekwisha kujiita. Niliifanya iwe ya kiume kwa sababu nilikuwa msichana pekee nyumbani na sikuwa tayari kupata mpinzani. Na mti wa tatu, ule wa mbele ya dirisha, ulikuwa Kasereka, hapakuwa na mjadala. Kaka zetu wawili waliozaliwa kati yangu na Kasereka, Paluku na Kambale wenye damu, waliitazama miti yao wiki moja wakaisahau. Kasereka mdogo alikuwa anausalimia wake kila asubuhi. "Miye, bonjour," alikuwa akiuambia.

Mvua zikakatika. Ile miti ilikuwa imefika kifuani mwangu, na majani yake, yale yaliyochanika chanika, yakaanza kuwa mekundu. Mukaka alinivuta mkono siku moja, akapitisha kidole juu ya jani, akanionyesha. Kidole kilikuwa kama kimechovywa katika udongo wa mfinyanzi.

"Unaona hii? Ilikuwa inaenda mu kifua ya ndugu yako. Jani limeishikia njiani. Mvua ikikuja, itaoga, itaanza tena."

"Na muti hapana kohoa?"

"Muti hauna haraka ya kupumua kama siye."

Nilifikiria jibu hilo siku nyingi. Miti ilikuwa bado midogo, mukaka mwenyewe alisema tusiitarajie makubwa mwaka huo, lakini mimi sikusikia sehemu hiyo. Mimi nilisikia kwamba Kasereka wa majani anamshikia Kasereka wa damu vumbi lake. Basi maisha yao niliyafunga fundo moja.

Ndipo nikaona kinachofanywa na mama. Kila jioni, akimaliza kusuuza torchon na kusafisha ubao, alichukua beseni lile la maji ya sabuni na javeli, ile dawa kali ya kutoa madoa, akatoka, akalimwaga lote kwenye shina la mti wa tatu. Miti mingine hakuigusa. Aliumwagia ule wa mbele ya dirisha lake peke yake. Na majani ya Kasereka yakaanza kukauka kutoka ncha, yakajikunja, yakawa ya kahawia, wakati Kambale upande huu na Kakule upande ule walibaki kijani.

Ningemwambia mukaka, lakini wiki hiyohiyo mluzi ulirudi. Ulikuja mchana, ukakataa mvuke, ukakataa dawa. Midomo ya Kasereka ikapata rangi nisiyotaka kuitaja. Walimpakia kwenye pikipiki, dereva mbele, mtoto katikati, mukaka nyuma akimshika kwa mikono yote miwili, wakaondoka kwenda kituo cha afya, na vumbi la pikipiki hiyohiyo likawafuata. Mukaka alibaki huko kumlinda. Mama alikwenda asubuhi na chakula, akarudi kufungua butike, maana dawa ilikuwa inatoka humo. Baba alikuwa Kasindi, mpaka umefungwa, simu haipiti.

Kila magharibi nilisimama mbele ya ule mti uliokuwa unakufa. Nilikuwa nimesikia mapadri wakisema ukiomba kitu uahidi kitu. Mimi sikuwa na kitu ila kimoja. "Kasereka, usikufe," niliuambia. "Sitakula tena mayai yako. Yote nitakuachia, hata ya Pasaka." Mama alikuwa ndani akihesabu mishumaa. Sikufikiri kwamba dirisha lililo wazi linasikia pia.

Jioni moja jani la mwisho lilianguka. Nililiokota nikaliweka mfukoni. Mama alitoka, akautazama ule ufito mkavu, akanitazama mimi, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nizaliwe: alifunga dirisha jua likiwa bado lipo.

"Unaenda wapi, mama?"

"Kutafuta chumvi."

Nyuma yake, rafuni, kulikuwa na gunia zima la chumvi. Niliijua chumvi. Jirani yetu alikuwa ameimwaga kwenye kisiki cha mkaratusi ili kisichipue tena. Alirudi giza likiwa limeshaingia, kikapu kimefunikwa kwa kitenge, akanipa ugali na sombe akasema nikalale. Sikumbuki usiku mwingine niliomwogopa mama yangu. Nililala upande wa Kasereka wa kitanda, pua yangu kwenye mto wake, na mto ulikuwa bado unanuka mkaratusi.

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Nilitoka bila viatu. Na pale mbele ya dirisha Kasereka alikuwa amesimama, kijani, majani yake yote yako mahali pake, na umande juu yake.

Alikuwa mfupi kidogo kuliko nilivyomwacha, na shina lake jembamba. Hilo halikunishangaza hata kidogo. Mtu akiugua anakonda, hilo kila mtoto analijua. Nilimkumbatia mti ule kwa uangalifu, nikarudi ndani nikamwambia mama, "Amepona." Mama alikuwa anawasha mkaa, kucha zake zimejaa udongo. "Basi nenda kwenye chemchemi," akasema, "uchote maji safi, umunyweshe. Ya sabuni hapana tena." Hata hapo sikuelewa. Nilichukua bidoni nikakimbia.

Kasereka wa damu alirudi siku chache baadaye, mgongoni mwa mukaka. Na yeye alikuwa amekonda. Nilimsimamisha karibu na mti wake nikaona wamelingana kwa kila kitu, nikaridhika. Mukaka alisimama akautazama ule mti kwa muda mrefu. Akautazama udongo wake. Akamtazama mama dirishani. "Wasingya," akasema, ambalo kwetu ndilo neno la kushukuru. Nilidhani anashukuru kwa chai, ingawa chai ilikuwa bado haijaletwa.

Sitaki kusema miti ndiyo iliyomponya, maana ndugu yangu ni mwalimu na atanisahihisha. Baba aliporudi alihamishia jiko nje, mbali na vyumba. Tuliacha kuchoma taka mlangoni. Baadaye Kasereka alipata ile pampu ya kuvuta mdomoni, akatembea nayo mfukoni miaka yote ya shule. Lakini gravilea hukua haraka. Ikapita dirisha, ikapita paa, matawi yakashikana, na lori likipita uliona wingu likija, likigonga majani, likipungua. Aliyelithibitisha hilo ni mama na torchon yake. Alianza kupangusa asubuhi tu. Halafu siku nyingine hata asubuhi alikisuuza kitambaa na maji yakabaki karibu meupe, akayaangalia kama mtu aliyerudishiwa chenji nyingi mno.

Na butike? Ni kweli, kwa barabara ilipotea kabisa. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu, tulikula maharage mpaka tukayajua moja moja. Mama hakulalamika hata mara moja kuhusu mti wa tatu, na mimi sikuona ajabu yoyote. Baadaye wenye pikipiki waligundua kivuli, wakaanza kuegesha pale wakingoja abiria, na mtu anayengoja hula. Mama akaanza kuwauzia chai na maandazi. Mfuko wa nguo ulishushwa kutoka juu ya kabati bila kutangazwa. Siku moja niliona tu Kasereka amevaa shati lililokuwa ndani yake.

Mukaka alifia kwetu, mzee sana, dirisha limefunguliwa ili asikie majani. Mimi niliolewa Beni. Maisha yakafanya kazi yake.

Jumamosi iliyofuata ile simu nilikwenda Butembo. Nilishuka nikapotea mbele ya nyumba niliyokulia. Ilikuwa uchi. Mwanga ulikuwa mwingi mno, mashine ya njano inanguruma, na visiki sita vikubwa vimelazwa kando ya mtaro na mizizi yake hewani. Kasereka alikuwa ananingoja, chaki kwenye mikono ya shati.

"Lami inakuja, yaya," akasema. "Vumbi itapunguka quand même. Siwezi kubalaumu sana. Mais kuja uone kitu."

Akanipeleka kwenye kisiki cha tatu. Vile vingine mizizi yake ilikuwa imetawanyika vizuri pande zote. Hiki chini ya shina kilikuwa na fundo, mizizi imejizungusha, imekabana, mpaka ikapasua njia na kutoka. Na ndani ya fundo hilo, umebanwa, umechakaa lakini haujaoza, kulikuwa na utepe wa plastiki nyeusi.

Niliuvuta. Ukatoka kipande cha ukubwa wa kiganja. Nilizikumbuka sacheti sita kwenye kamba pamoja na soksi. Nilizisuuza mimi mwenyewe. Hii haikuwa ya mukaka. Hii ilikuwa ya mtu aliyepanda mti kwa mara ya kwanza maishani mwake, gizani, bila mtu wa kumwonyesha.

Mama alikuwa ameketi dirishani, kitambaa mkononi. Amezeeka, macho yake hayaoni mbali. Nilimwekea kile kipande juu ya ubao.

"Mama, ile chumvi ulipata?"

Alikishika, akakigeuza. Alianza kucheka kabla hajasema kitu, mabega tu, mpaka akajifuta machozi kwa torchon na kujipaka vumbi jekundu shavuni.

"Njo miye niliuua ule wa kwanza," akasema. "Na javeli. Nilikuwa naona umechafuka, pale mbele ya dirisha yangu, nikazani naunywesha na kuuosha mara moja. Miye nilijua wapi mambo ya miti? Niko mutu wa butike. Nilipoona umekauka nikakimbia kwa masista, kwa pépinière yao ya miche, bakaniuzia mwingine."

"Ulikuwa umekwisha kukauka, mama. Ungeacha tu. Dirisha lako lingekuwa wazi."

"Ningeacha namna gani, Masika?" Alinitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Ulikuwa unasimama pale kila mangaribi, unaahidi muti mayai. Nikasema, huyu akiamuka kesho akute ule muti umekufa, nitakuwa na bagonjwa babili."

Kasereka alimpangusa mama lile vumbi shavuni kwa kidole. Mimi nililia waziwazi, mbele ya wale vijana wa mashine, na sikuona haya. Miaka yote nilikuwa nimemshukuru Mungu, na mukaka, na mti wenyewe kwa ukaidi wake. Mama yangu nilikuwa nimemwogopa usiku mzima, na asubuhi nikaziona kucha zake, nikapita.

Jioni Kasereka alileta mche, wa gravilea vilevile, tuupande ndani ya kiwanja, mahali ambapo barabara haitafika. Alichimba shimo yeye, anahema kidogo, anaongea sana. Mama alikataa kiti. Alipiga magoti polepole, akaomba kisu, akaichana sacheti mwenyewe kutoka juu hadi chini, akaivua bila kuharakisha, udongo usimwagike hata punje. Halafu akaninyooshea ile plastiki nyeusi.

"Kaioshe," akasema.

Nikaenda kuiosha.